Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Sheria Marekani

Ada unayoiona kwenye barua ya kukubaliwa si gharama yote. Ongeza kodi ya nyumba, bima ya afya, vitabu na chakula, kisha zidisha kwa 3, maana shahada ya sheria kule, JD, ni miaka 3, tena baada ya shahada ya kwanza.

Mkopo: uliza riba inaanza lini. Mara nyingi inaanza siku pesa inapotoka, wewe bado uko darasani. Kama si raia wala mkazi wa kudumu, usitegemee mikopo ya serikali kuu. Benki nazo kwa kawaida zitataka mdhamini. Raia naye asibweteke: kuanzia Julai 2026 wakopaji wapya hawapati tena Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza, na mkopo wa serikali unaobaki kwa wanaosoma sheria una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka.

Sasa ufadhili. Hapa tulia, maana ndipo nilipoumia.

Nilipewa nusu ya ada. Mama aliisoma barua kwa sauti, tukashangilia, nikasaini jioni hiyohiyo. Ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mmoja: ufadhili utaendelea iwapo wastani wangu hautashuka chini ya 3.0. Nikaona jambo dogo, maana tangu sekondari sikuwahi kupungukiwa. Sikujua kwamba vyuo vingi vya sheria kule hutoa alama kwa kuwapanga wanafunzi wao kwa wao. Mwalimu huwekewa wastani wa darasa, kwa hiyo lazima wawepo wa chini hata kama wote wamejibu vizuri. Wa darasa letu uliwekwa 2.9, na tuliopewa ufadhili wenye sharti lile tulikuwa wengi. Wote tusingeweza kubaki nao, na chuo kilijua. Nilipata 2.94. Barua ya pili ilikuja Juni, aya moja tu. Ada kamili ya mwaka wa pili niliikopa, na hadi leo nadaiwa.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi: wastani wa darasa huwekwa ngapi? Wangapi walipoteza ufadhili mwaka wa kwanza? Vyuo vilivyoidhinishwa na ABA, chama cha wanasheria wa Marekani, vinatakiwa kuchapisha idadi ya waliopunguziwa au kunyang'anywa. Itafute kabla hujajibu. Kisha omba sharti lifutwe. Wapo wanaokubaliwa, hasa wakiwa na barua ya chuo kingine mkononi. Ahadi ya simu usiihesabu.

Tenga pia pesa za baada ya mahafali. Mtihani wa uwakili una ada yake, una kozi ya maandalizi, na wengi husoma wiki kama 10 bila mshahara, kisha husubiri matokeo.

Amana ya kushika nafasi, uliza kama inarudishwa. Tunza nakala ya kila karatasi. Na barua ikifika jioni, nyumba nzima ina furaha, iweke kabatini. Asubuhi uanze na ukurasa wa pili.