Namna ya Kupima Pikipiki ya Umeme Kisumu Kabla ya Kuweka Saini

Kwenye steji za Kondele, Kibuye na Mamboleo, maoni kuhusu pikipiki za umeme hayakosekani. Mmoja anasema hazipandi mlima, mwingine anasema mvua ya jioni ikizinyeshea zitampiga mtu shoti, na wa tatu anaapa kwamba tangu aachane na petroli mfuko wake umepata nafuu. Kila mmoja anazungumzia barabara yake, abiria wake na betri yake, na ndiyo maana maoni hayo, hata yakiwa ya kweli, hayawezi kukuamulia wewe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuipima pikipiki ya umeme kwa safari zako mwenyewe. Ninaziunga mkono pikipiki hizi kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo nisingependa mtu achukue ile isiyomfaa kisha abaki na deni.

Anza na kilomita zako. Kwa muda wa wiki moja, andika katika daftari namba ya kipimo cha mwendo asubuhi unapotoka na usiku unaporudi, na ikiwa kipimo cha pikipiki yako kiliharibika zamani, tumia programu ya ramani kwenye simu. Usitafute wastani peke yake. Siku inayopaswa kukuongoza ni ile iliyokuwa ndefu kuliko zote, kwa mfano siku ya soko ulipompeleka mteja Ahero, ukarudi, kisha ukapata mwingine wa Maseno. Andika pia mahali unapokuwa saa za mchana kazi inapopungua, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuchaji au kubadilisha betri.

Hatua inayofuata ni kuisoma betri badala ya tangazo. Kwenye kibandiko cha betri utaona volti na ampea-saa. Zidisha namba hizo mbili, kisha ugawanye kwa 1,000, nawe utapata kiasi cha umeme kwa yuniti zilezile unazonunua kwa tokeni. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba yuniti 2.88. Pikipiki ya kazi yenye abiria hutumia takriban yuniti 0.035 kwa kilomita moja kwenye barabara tambarare, kwa hiyo betri hiyo inaweza kukupeleka kilomita 80 na kidogo. Ukiacha akiba ili usije ukakwama, ihesabu kuwa ni betri ya kilomita 70. Muuzaji akikutajia umbali mkubwa zaidi kwa betri hiyohiyo, muulize ulipimwa kwa mwendo gani na pikipiki ilibeba watu wangapi, kwani mara nyingi umbali unaotangazwa ni wa mtu mmoja anayekwenda polepole kwa mwendo usiobadilika.

Mwendo una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Nguvu ya upepo unaokuzuia huongezeka kwa mraba wa kasi, hivi kwamba ukitoka kilomita 45 kwa saa hadi 60, nguvu hiyo inakaribia kuwa mara 1.8. Dereva anayelalamika kwamba betri yake huisha kabla ya wakati pengine hana betri mbovu, bali anakimbia sana kwenye barabara ya Ahero, ambako uwanda wa Kano umelala tambarare na kila mtu anavutwa kuongeza kasi.

Sasa tuje kwenye milima, ambayo kwa wakazi wa Kisumu ndiyo hoja kubwa. Jiji liko kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Maseno unapanda hadi karibu mita 1,500. Chukua pikipiki yenye uzito wa kilo 110 pamoja na watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, jumla kilo 250. Kila mita 100 za kupanda hula takriban yuniti 0.085 kutoka kwenye betri, yaani umeme ambao ungekupeleka kilomita mbili na nusu kwenye tambarare. Kupanda hadi Maseno basi kunakugharimu kama kilomita 9 zaidi ya zile za barabarani. Hizo si nyingi, lakini ukipeleka abiria huko mara tatu kwa siku utaziona. Ukishuka utarudisha sehemu ndogo tu, tena ikiwa pikipiki ina mfumo wa kurejesha umeme wakati wa kupunguza mwendo.

Swali la kama pikipiki itapanda ni tofauti na swali la itakula umeme kiasi gani. Mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma haina mnyororo wala matengenezo mengi, lakini ikipanda mlima mrefu kwa mwendo mdogo hupata joto na nguvu hupungua. Mota iliyowekwa katikati na kuzungusha gurudumu kwa mnyororo au mkanda huvumilia mlima vizuri zaidi, kwa sababu gia huipa nafasi ya kuzunguka kwa kasi inayoifaa. Kwa mtu ambaye riziki yake iko Riat na Kiboswa, mimi ningesisitiza mota ya katikati. Anayezunguka kati ya Kibuye, Nyalenda na Dunga hana sababu ya kujali sana.

Usikubali kuijaribu pikipiki kwa kuzungushwa uani mwa duka. Omba betri iliyojaa, mpandishe mtu mzima nyuma, na utoke Kibuye kupitia Kondele na Mamboleo hadi juu ya Riat, kisha urudi. Soma asilimia ya betri kabla ya kuondoka, chini ya mlima, juu ya mlima na baada ya kurudi, uandike zote. Ukiwa katikati ya mlima simamisha pikipiki, kisha uiondoe tena ukiwa na abiria. Ikisita, ikitikisika au ikikataa, umepata jibu ambalo hakuna tangazo lingekupa. Tazama pia asilimia inavyoshuka: kuanguka ghafla, kwa mfano kutoka 40 hadi 25 unapokanyaga mlima, kunaweza kuwa dalili ya betri iliyochoka. Gusa ubavu wa betri ukifika juu. Ikiwa na vuguvugu, hilo ni la kawaida, lakini ikiwa moto kiasi kwamba mkono hauwezi kutulia, rudisha pikipiki kwa muuzaji.

Hesabu ya fedha ifanyike kwa kilomita, na gharama ya betri ijumuishwe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei ya petroli kila mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi huu mahali pa mfano wangu. Tuseme unakwenda kilomita 120 kwa siku, pikipiki yako ya petroli inakwenda kilomita 40 kwa lita, na lita ni Sh180. Unatumia Sh540. Kwa umeme utahitaji yuniti 4.2, na ukiongeza kinachopotea kwenye chaja uziite 5. Yuniti moja ikiwa Sh30, unatumia Sh150. Lakini betri nayo inaisha. Ikiwa betri ya Sh100,000 inachajiwa mara 1,000 na kila mara inakupa kilomita 70, kila kilomita inakula Sh1.43 ya betri, yaani kama Sh171 kwa siku. Jumla ni Sh321. Bado umeokoa zaidi ya Sh200 kila siku, kabla hata ya kuhesabu mafuta ya injini ambayo hutayanunua tena.

Ukichagua mpango wa kubadilisha betri kituoni, gharama ya betri imo ndani ya bei ya kila mara unapobadilisha. Gawanya bei hiyo kwa kilomita ulizopata kweli, usitumie zile ulizoahidiwa. Tembelea vituo vilivyo karibu nawe saa kumi na mbili jioni na uhesabu betri zilizojaa dhidi ya waendeshaji wanaosubiri. Kituo chenye foleni saa ya abiria wengi kinakula kazi yako. Uliza pia kama betri za kampuni nyingine zinaingia katika pikipiki hiyo. Mara nyingi haziingii, na kwa hiyo ukisaini umejifunga kwa vituo vya kampuni moja.

Kuhusu mvua, tafuta alama ya IP. IP67 maana yake ni kwamba kifaa hakiingii vumbi na kinaweza kuzama kwenye maji ya mita moja kwa dakika 30. IP65 huvumilia maji yanayorushwa lakini haikukusudiwa kuzama. Kwa anayepita Nyalenda au Ahero wakati wa mafuriko, tofauti hiyo ni kubwa. Hofu ya kupigwa shoti na mvua ya kawaida haina msingi ikiwa betri na nyaya hazijafunguliwa na fundi asiye na ujuzi.

Nyumbani, usichaji betri mlangoni wala kando ya godoro. Najua kwamba katika nyumba ya chumba kimoja Manyatta hili ni gumu, lakini betri ya lithiamu ikishika moto njia ya kutokea lazima iwe wazi. Iache ipoe kwa nusu saa kabla ya kuichomeka, na usitumie waya mwembamba wa kuongezea. Ikiwa mita ni ya pamoja na mwenye nyumba, zungumza naye mapema na mkubaliane malipo kwa kusoma yuniti kwenye mita kabla na baada ya kuchaji, vifaa vingine vikiwa vimezimwa.

Kwa wanaojali hewa tunayovuta, nami ni mmoja wao, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kituo cha Sondu Miriu, kisicho mbali na Kisumu, huzalisha megawati 60 kwa maji ya mto. Moshi unaoondoka Kondele hauhamishiwi kwingine kwa kiasi hichohicho.

Mwisho, soma mkataba ukiwa na mtu mwingine. Uliza kama kampuni inaweza kuizima pikipiki kwa mbali malipo yakichelewa, na baada ya siku ngapi. Uliza kama dhamana ya betri inahesabiwa kwa miaka, kilomita au kiwango cha umeme ambacho betri bado inaweza kubeba. Uliza kama vipuri, mfano breki na kidhibiti cha mota, vinapatikana Kisumu au vinasubiriwa kutoka Nairobi. Na uliza hati ya umiliki itahamishiwa jina lako lini baada ya malipo ya mwisho. Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba wenyewe kabla hujatoa malipo ya kwanza.