Somo la asidi na besi kwa kutumia choya, hatua kwa hatua

Habari za jioni wadau, niko hapa Ujiji umeme umekatika nikasema ngoja nishushe lile somo nililoahidi, maana madogo wanakariri tu litmasi (karatasi ya kupimia asidi na besi) nyekundu kwenye besi inakuwa bluu na litmasi yenyewe hawajawahi kuishika. Sisi hatununui, tunatumia choya, yale maua mekundu ya juisi.

Hatua ya 1. Chemsha kiganja kimoja cha choya kavu kwa vikombe 2 vya maji, chuja, acha ipoe. Ule wekundu ndo kiashiria chako, yaani rangi ya kukuonyesha ipi asidi ipi besi.

Hatua ya 2. Glasi 3, weka maji nusu, kila moja tia kijiko cha choya. Ya kwanza kamulia ndimu, ya pili tia maji ya majivu (ya kuni, yaloweke usiku kucha kisha chuja kwa kitambaa), ya tatu iache ya kulinganishia. Ya ndimu inawaka nyekundu, ya majivu inageuka kijani. Ndimu asidi, majivu besi. Ya tatu ikiwa pinki usishangae, choya yenyewe chachu.

Hatua ya 3, hapa ndo penye utamu. Ile glasi ya ndimu idondoshee maji ya majivu tone kwa tone huku unakoroga, usimwage kama unamwagilia mchicha. Utaona vipovu, ni kabondayoksaidi, kwa sababu kwenye majivu kuna potasiamu kaboneti, na wekundu utafifia uende zambarau, tone likizidi tu kijani hiyo hapo ushapitiliza (mimi nilipitiliza mara 3 mbele ya darasa, walicheka sana). Pale katikati asidi na besi zimemalizana, imebaki chumvi na maji. Kwa zile za maabara (HCl ni asidi ya haidrokloriki, NaOH ni kostiki, ile besi kali ya kupikia sabuni, NaCl ni chumvi ya kula) inaandikwa HCl + NaOH → NaCl + H2O. Usiinywe hiyo glasi jamani.

MASWALI

Mdau wa Kibirizi: Mwalimu mbona ya kwangu ya tatu imetoka zambarau, wala sijaweka majivu?
Jibu: Umechota ziwani wewe! Maji ya Tanganyika pH yake (kipimo cha uasidi na ubesi) inacheza karibu na 9, katikati ni 7, na kila namba moja ni mara 10, kwahiyo hapo ubesi umepanda kama mara 100. Kinga ya mvua urudie.

Mdau wa Gungu: Kidonge cha magineziamu cha kiungulia nacho ni mambo hayahaya?
Jibu: Hayahaya, tumboni kuna asidi ya haidrokloriki, kidonge ni besi. Ukinywa bikaboneti utabeua kwa ile gesi, magineziamu haidroksaidi haitoi gesi.

Mama wa Mwanga: Napika sabuni ya mawese, kostiki ikinirukia mkononi si nipake ndimu imalizane?
Jibu: Hapana mama, usithubutu! Zikikutana zinatoa joto, utaungua mara ya pili. Mwagia maji mengi yanayotiririka, dakika 20 hivi, ikiingia jichoni mwagia hivyohivyo huku unapelekwa hospitali.

Mdau wa Katubuka: Kwahiyo chumvi ya Uvinza nayo wanachanganya asidi na kostiki?
Jibu: Hahaha hapana kaka, ile inatoka ardhini tayari kwenye maji ya chumvi, wao wanayakausha tu. Ila ni NaCl ileile.