Jinsi ya kuunda ligi ya hoki ya barafu iliyokufa kwa ajili ya ulimwengu wako wa kubuni

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwandishi mmoja wa riwaya. Alikuwa na ramani, wafalme, sarafu na kipupwe cha miezi saba. Alichokosa ni historia ya mhusika wake mzee, ambaye ujanani alicheza hoki ya kulipwa katika ligi ambayo haipo tena. Nimeandika kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe. Ukiupindua utafika, ila itabidi ufute mengi.

Hatua ya 1: Anza na kifo

Nembo na rangi za jezi zisubiri. Andika kwanza ligi ilikufa lini na iliuawa na nini. Wengi huandika "vita vikazuka" wakafunga daftari, na huo ni uvivu. Ligi za kulipwa hufa kwa pesa na kwa fitina za wenye timu, na historia imetuachia mifano mizuri.

WHA, ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilianza mwaka 1972 ili kushindana na NHL, ligi kubwa ya huko. Ilimnasa nyota wa NHL, Bobby Hull, kwa kitita cha dola milioni moja cha kusaini tu, na timu nyingine zikachangia kitita hicho ingawa Hull alikwenda Winnipeg. Mishahara ikapaa kote, timu zikaishiwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1979 zilizobaki na nguvu zikaingia NHL. Huko ni kufa kwa kumezwa.

Ligi ya magharibi ya Kanada na Marekani iliyovunjika mwaka 1926 ilikufa kwa kuuza: wachezaji wa timu ya Portland wakaenda Chicago, wale wa Victoria wakaenda Detroit.

Ninayoipenda zaidi ni NHA, ligi ya Kanada iliyotangulia NHL. Wenye timu walichoshwa na mwenzao wa Toronto, Eddie Livingstone. Badala ya kumfukuza, Novemba 1917 waliunda ligi mpya, NHL, bila kumwalika. Yeye akabaki mwanachama halali wa ligi isiyo na mechi.

Chagua aina moja ya kifo, uieleze kwa sentensi tatu. Zikizidi tatu, bado hujaamua.

Hatua ya 2: Barafu inatoka wapi?

Kama ni ya asili, msimu wako ni mfupi na joto la siku mbili linaahirisha mechi. Kama ni ya mitambo, mtu amelipia mitambo hiyo, na mtu huyo ana deni. Ndugu Frank na Lester Patrick walipoanzisha ligi yao ya PCHA kwenye pwani ya Pasifiki mwaka 1911, hali ya hewa ya huko haikuwapa barafu ya kutegemewa, hivyo wakajenga viwanja vya barafu ya mitambo Vancouver na Victoria. Fedha zilitoka kwenye mauzo ya biashara ya mbao ya familia. Sentensi hiyo moja imekupa baba, biashara, hali ya hewa na kamari. Tafuta ya kwako.

Kumbuka pia kwamba viwanja vya zamani viliungua. Uwanja wa Montreal Arena uliteketea Januari 1918, na timu ya Wanderers ikafa nao.

Hatua ya 3: Timu

Sita hadi nane zinatosha. Majina yatoke kwenye kazi za watu wa mji au majigambo yao. Usitumie programu za kuzalisha majina ovyo, maana hukupa mbwamwitu wanne na dhoruba mbili.

Hatua ya 4: Msimamo wa msimu wa mwisho

Hapa ndipo saa zinapoishia. Ukitaja popote kwamba timu fulani ilimaliza na pointi 51, yuko msomaji atakayepiga hesabu. Mimi hutumia lahajedwali ya kawaida. Programu za kuigiza misimu hutoa matokeo mengi bila sababu, na unachohitaji ni sababu.

Kanuni ya kwanza: jenga kutoka kwenye mechi, usijenge kutoka kwenye jumla. Ukiandika jumla kwanza utatumia usiku mzima kuzilazimisha zilingane.

Tuseme timu ni sita, na kila jozi inakutana mara nane. Kila timu ina mechi 40, na ligi nzima ina 120, kwa sababu kila mechi ni ya timu mbili. Kama ushindi ni pointi mbili na sare moja, kila mechi inagawa pointi mbili kamili, kwa hiyo jumla ya pointi zote ni 240. Safu ya ushindi lazima ilingane na safu ya vipigo. Safu ya sare, ukijumlisha timu zote, lazima iwe namba shufwa. Mabao ya kufunga yalingane na ya kufungwa. Kimoja kikikataa, kuna mechi uliyoiandika upande mmoja tu.

Tahadhari: haya yanavunjika ukimpa pointi anayefungwa kwenye muda wa nyongeza. NHL ilianza kufanya hivyo msimu wa 1999–2000. Tangu hapo jumla ya pointi haitabiriki, na huwezi tena kuitumia kukagua jedwali. Kwa ligi iliyokufa zamani, shikilia mbili, moja, sifuri.

Sasa iue timu moja katikati ya msimu, maana ligi inayokufa huanza kung'oka meno kabla ya mwisho. Timu ya sita imefilisika baada ya mechi 15, tatu na kila mpinzani. Kila timu kati ya tano zilizobaki imepoteza mechi tano. Una njia tatu.

Unaweza kufuta matokeo yake yote. Ni safi, lakini aliyeifunga timu hiyo mara tatu atapiga kelele kuliko aliyefungwa nayo, na kelele hizo uziandike.

Unaweza kuacha matokeo na kuacha mapengo, kila mmoja akamaliza na mechi 35.

Au unaweza kuziba mapengo kwa mechi mpya, ambayo ndiyo njia ya wenye timu, kwa sababu tiketi zilishauzwa. Hapa wengi hukwama: timu tano zenye mapengo matano kila moja ni nafasi 25, na mechi moja hula nafasi mbili. Unapata mechi 12, na nafasi moja inabaki bila mwenzake. Timu nne zitacheza mechi 40, moja itacheza 39. Hakuna ratiba itakayoondoa hilo. Ligi nzima inakuwa na mechi 107 na pointi 214, hakiki mwenyewe.

Usilifiche pengo hilo. Ipe ile timu ya mechi 39 nafasi ya pili, pointi moja nyuma ya bingwa. Umepata ugomvi ambao wazee wa mji huo wataendelea nao hadi kaburini, na umeupata kwenye hesabu.

Ukiona imezidi, angalia WHA. Denver Spurs walihamia Ottawa katikati ya msimu wa 1975–76, wakabadilisha jina, na hawakuumaliza msimu. Indianapolis Racers walivunjika Desemba 1978 baada ya mechi 25. Msimu huohuo, mechi dhidi ya timu za wageni kutoka Umoja wa Kisovyeti na Chekoslovakia zilihesabiwa kwenye msimamo wa ligi, kwa hiyo ukizitazama timu za ligi peke yake, ushindi na vipigo havilingani. Jedwali lisilofunga linaruhusiwa, mradi ujue ni nani aliyelifungua.

Hatua ya 5: Sheria moja ya ajabu

Moja tu, na iwe na chanzo. NHL iliacha muda wa nyongeza katika msimu wa kawaida mwaka 1942 kwa sababu wakati wa vita timu zilipaswa kuwahi treni, na haukurudi hadi 1983.

Hatua ya 6: Gawa mabaki

Nani alilipwa ili aondoke? Cincinnati na Birmingham, timu za WHA, walipewa dola milioni moja na nusu kila mmoja wasiingie NHL. Nani aliingia akanyonyolewa? Winnipeg, mabingwa wa mwisho wa WHA, walinyang'anywa wachezaji wengi, na msimu wao wa pili NHL walikaa mechi 30 mfululizo bila ushindi. Rekodi zinahesabika? Mabao 174 ya mkongwe Gordie Howe katika WHA hayamo kwenye 801 yake ya NHL, lakini Wayne Gretzky, nyota kijana aliyetoka WHA, alinyimwa tuzo ya mchezaji bora chipukizi kwa hoja kwamba alikwishacheza WHA.

Kwa mhusika wako mzee, amua mambo mawili: ligi iliyobaki inamhesabia mabao mangapi, na mshahara wake wa mwisho anadai kwa nani.