Namna ya kupima rekodi ya mchumi aliyekuwa rais: mfano wa Mwai Kibaki

Kibaki aliacha kufundisha uchumi Makerere mwaka 1960 akawe afisa mtendaji wa chama cha KANU. Alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1969 hadi 1982, na rais wa Kenya kuanzia Desemba 30, 2002 hadi Aprili 2013. Wengi humpima kwa urais pekee. Anza na Hazina, yaani miaka yake katika Wizara ya Fedha.

Chora safu mbili: ya kwanza iwe ya maamuzi yake, ya pili ya mambo yaliyoletwa na dunia. Bei ya mafuta iliyopanda 1973 inaingia safu ya pili. Kahawa vilevile: baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na kufikia 1977 bei ilikuwa imepaa. Neema ile haikutoka mezani kwa waziri. Kodi ya mauzo iliyoanzishwa 1973, hiyo ni safu ya kwanza.

Ukifika kwenye urais, panga miaka vizuri. Aliapishwa siku moja kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo ukuaji hafifu wa 2002, karibu asilimia 0.5, si wake. Hata nusu ya kwanza ya 2003 iliendeshwa kwa bajeti aliyoikuta, maana mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1.

Tumia Pato la Taifa kwa bei za kudumu, yaani ukiondoa kupanda kwa bei, kisha utoe ongezeko la watu. Mwaka 2007 uchumi ulikua kwa takriban asilimia 7. Watu wakiongezeka kwa karibu asilimia 2.7, kinachobaki kwa kila mtu ni kama asilimia 4. Hiyo ndiyo namba ya kubishania.

Kosa linalowanasa hata wanahabari wazoefu ni kuchanganya takwimu za zamani na mpya. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia uchumi, kutoka 2001 hadi 2009, na Pato la Taifa likapanda kwa takriban asilimia 25 kwa siku moja. Deni la 50 juu ya pato la 100 ni asilimia 50. Pato likiandikwa 125, deni lilelile linaonekana asilimia 40, na hakuna shilingi iliyolipwa. Chukua mfululizo mmoja tu, uufuate mwanzo hadi mwisho.

Kwenye elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, usihesabu walioandikishwa tu. Tazama pia idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, kwa sababu watoto waliingia haraka kuliko walimu walivyoajiriwa.

Mwaka 2008 ukuaji ulianguka chini ya asilimia 2. Msukosuko wa fedha duniani uandike safu ya pili. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziandike safu ya kwanza: yeye alikuwa mgombea katika mzozo ule, akaapishwa jioni ileile matokeo yalipotangazwa. Kumpima kama mchumi huku ukiiacha siasa yake nje ni kumwondolea nusu ya hesabu.