Namna ya kumtambua kijana mwenye anoreksia

Anoreksia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, hata akiwa amekwisha konda. Mara nyingi huanza katika umri wa sekondari. Wasichana ndio wengi, lakini wavulana nao huupata, na kwao hujificha nyuma ya mazoezi ya kujenga mwili.

Huku Nyanda za Juu Kusini baridi huuficha zaidi. Juni na Julai mtoto wa Makete au Mafinga anashinda na sweta mbili na koti, nani atauona mwili wake? Akiwa bwenini, mzazi humwona baada ya miezi, naye atasema chakula cha shule hakiliki. Kila mzazi huliamini hilo.

Kwa hiyo mtazame wakati wa kula, wiki nzima, bila kumsema. Tonge moja analiminya, analigawa vipande vidogo, analisukuma pembeni mwa sahani. Maharage anayachuja mchuzi wenye mafuta. Anakunywa maji mengi kabla ya kula. Anapenda kupika na kuwapakulia wadogo zake, lakini yeye "ameshaonja jikoni". Chapati, karanga, parachichi na maziwa anaviacha kimoja baada ya kingine. Akimaliza anajifungia chooni, au anaruka kamba chumbani. Wengine husingizia kufunga kwa maombi. Aliyefunga kwa imani hufungua kwa hamu. Huyu hata jioni "ameshiba", na Kwaresima ikiisha kwa wengine, yeye anaendelea.

Kisha angalia mwili. Vidole ni vya baridi hata akiota moto, nywele zinakatika, vinyweleo laini (malaika) vinaota mgongoni na mashavuni, choo ni kigumu, anapata kizunguzungu akiinuka. Hedhi inaweza kukosekana miezi mitatu au zaidi. Hapo wengi humtuhumu binti kuwa ni mjamzito. Mpime kwa staha, na majibu yakiwa hana mimba, usiishie hapo.

Uzito unadanganya. Mtoto aliyekuwa na kilo 45 mwaka jana na mwaka huu ana 45 zilezile, huku amerefuka, amepungukiwa. Aliyeshuka kutoka kilo 70 hadi 58 kwa miezi mitatu anaweza kuwa mgonjwa sana ingawa watu wanamsifu kwamba amependeza.

Mapigo ya moyo unaweza kuyapima mwenyewe. Aketi dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 mchana akiwa macho, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akizimia, akilalamika kifua, akikataa hata maji au akizungumzia kujiua.

Hospitali waombe wachunguze pia kifua kikuu, VVU, kisukari na tezi ya shingo, maana vyote hukondesha. Majibu yakitoka salama, omba rufaa kwa daktari wa afya ya akili. Usiridhike na dawa ya minyoo na vitamini.

Kuzungumza naye kunataka utulivu. Kwetu "umenenepa!" ni sifa, kwake ni kisu. Usilitaje umbo lake kabisa. Mkiwa wawili, mbali na chakula, mwambie: "Mwanangu, wiki hii sahani yako inarudi na chakula. Nina wasiwasi. Kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe." Akisema hana tatizo, usishangae: wengi hawajioni wagonjwa. Ndiyo maana uamuzi ni wa mzazi, si wake.

Kosa kubwa ni kumshindilia chakula kwa huruma. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa wanga mwingi ghafla, madini ya fosfati na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Aliyekonda sana aanze kulishwa chini ya uangalizi wa daktari.

Daktari akiruhusu alishwe nyumbani, mzazi ndiye apakue: milo mitatu na vitafunwa mara mbili au tatu kwa siku, kwa mfano uji wa maziwa na karanga, ndizi na parachichi. Keti naye hadi amalize, kisha saa moja zaidi, kwani hapo ndipo hushawishika kutapika. Mpime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, mzani uleule, akiwa amekwisha kojoa; wengine hunywa maji au kuficha mawe mifukoni. Kama yuko bweni, aombewe ruhusa. Matroni mwenye wasichana mia hawezi kukaa naye kila mlo.