Kukokotoa uga wa antena ulio nje ya mipaka ya uigaji, hatua kwa hatua

Tuseme unaiga antena yenye upana wa sentimita 30 katika masafa ya gigahezi 3, ambapo urefu wa wimbi ni sentimita 10. Kwa kanuni ya 2D²/λ (D ni upana wa antena, λ ni urefu wa wimbi), eneo la mbali, ambako umbo la mnururisho halibadiliki tena kwa umbali, linaanzia mita 1.8 kutoka kwenye antena. Ukiipanua gridi ya FDTD (mbinu ya kukokotoa nyuga za umeme na sumaku seli kwa seli, katika hatua ndogo za muda) hadi huko pande zote, kwa seli za milimita 5, utahitaji seli zaidi ya milioni 370, na karibu zote zitakuwa nafasi tupu. Mchemraba unaoiacha antena seli 10 kila upande una seli 512,000 tu, na uga wowote ulio nje yake hupatikana kwa hesabu.

Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na A. E. H. Love mwaka 1901: ukivizungushia vyanzo vyote uso uliofungwa, nyuga za nje zinaweza kuzalishwa upya na mikondo iliyotandazwa juu ya uso huo peke yake.

Hatua ya kwanza ni kuuchagua uso huo. Uwe na pande zote sita, uizingire antena pamoja na kila kitu kinachotawanya mawimbi, na nje yake pabaki nafasi tupu. Uuweke seli kadhaa kabla ya tabaka la PML (tabaka la ukingoni mwa gridi linalomeza mawimbi), lile alilolipendekeza Jean-Pierre Bérenger mwaka 1994, kwa sababu ndani ya tabaka hilo nyuga zinafifishwa makusudi na thamani zake hazina maana ya kifizikia. Ikiwa bamba la ardhi au ubao wa saketi unaendelea hadi kuukata uso, fomula za hapa chini hazifai kama zilivyo.

Hatua ya pili ni kukusanya nyuga juu ya uso. Hakuna haja ya kuhifadhi historia yote ya wakati: katika kila hatua ya muda, zidisha thamani ya uga kwa e^(−jωt), ambapo ω ni 2π mara masafa, kisha uijumlishe kwenye namba changamano ya sehemu hiyo, kwa kila masafa unayoyahitaji. Alama ya kutoa katika kipeo hicho lazima ilingane na ile ya fomula za baadaye, la sivyo boriti itaelekea upande usio wake.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa mno, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua ubora wa matokeo. Katika gridi ya Kane Yee ya mwaka 1966, ndiyo inayotumiwa na FDTD, E (uga wa umeme) na H (uga wa sumaku) hazikai mahali pamoja wala hazipimwi wakati mmoja. Zinaachana nusu seli na nusu hatua ya muda. Kwa seli za λ/20, nusu seli ni kosa la fezi la nyuzi 9, na nusu hatua ya muda, ukiwa kwenye kikomo cha Courant (hatua kubwa kabisa ya muda ambayo hesabu hubaki thabiti), huongeza takriban nyuzi 5. Kwa hiyo chukua wastani wa H za pande mbili za uso ili ziangukie mahali pa E, na katika kukusanya H tumia wakati wake halisi, yaani (n+½)Δt, ambapo n hapa ni namba ya hatua ya muda.

Hatua ya nne ni hesabu yenyewe. Ikiwa n ni vekta kizio inayotazama nje, mikondo ya umeme na ya sumaku ni J = n × H na M = −n × E. Kwa kila mwelekeo r̂, jumlisha juu ya uso mzima (k ni 2π/λ, r′ ni mahali pa kila kipande cha uso, ΔS ni eneo lake):

N = Σ J e^(jk r̂·r′) ΔS
L = Σ M e^(jk r̂·r′) ΔS

Kisha, kwa η ≈ ohm 377 (kizuizi cha nafasi tupu), r ikiwa umbali kutoka kwenye antena, na θ na φ zikiwa pembe za mwelekeo:

Eθ = −(jk e^(−jkr)/4πr)(Lφ + ηNθ)
Eφ = (jk e^(−jkr)/4πr)(Lθ − ηNφ)

Hatua ya mwisho ni uhakiki. Anza na dipoli fupi, ambayo uelekezi wake (uwiano wa nguvu ya upande wenye nguvu zaidi kwa wastani wa pande zote) lazima utoke 1.5. Linganisha nguvu inayopita kwenye uso na ile unayoipata kwa kujumlisha uga wa mbali katika pande zote. Halafu usogeze uso seli mbili au tatu ndani au nje na urudie: uga wa mbali usibadilike. Ukibadilika, kagua kwanza kama kuna upande wa uso uliosahaulika au n iliyogeuzwa, kisha umbali wako kutoka PML.