Mtoto akiingia darasa la saba

Nina karakana ndogo ya umeme Katuba, hapa Lubumbashi. Kijana wangu wa kwanza alisoma humanite (sekondari ya juu) ya biashara, akapata diploma ya Taifa, ndipo akaniambia anataka Polytechnique, fakulte ya uhandisi ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hesabu zilimtoa jasho mwaka mzima, kisha zikamtoa na yeye.

Kwa dada yake nilianza mapema, akiwa darasa la saba, mwaka wa kwanza baada ya shule ya msingi. Watu wanaogopa Exetat, mtihani wa Taifa wa kumaliza humanite, lakini mlango wenyewe ni mwisho wa darasa la nane, pale mtoto anapochagua opsio (mchepuo) ya miaka minne ya humanite: sayansi, ualimu, biashara, umeme, ushonaji. Exetat itamuuliza kile alichochagua angali mdogo.

Basi baba na mama, likizo ya kwanza ya darasa la saba mtoto asikae bure. Mpelekeni kwa mtu anayefanya kazi anayoitaja. Si kwenda kutazama tu: akae wiki nzima, abebe vifaa, atumwe. Binti yangu alikuwa akisema udaktari. Siku ya pili kwenye zahanati anakofanya kazi shangazi yake, aliona damu akaanguka. Likizo iliyofuata alishika mita yangu, akapima betri ya gari, akauliza: "Baba, imeandikwa volti 12, mbona inaonyesha 12,6?" Sikumwambia kitu. Niliandika swali lile kwenye daftari, na maswali mengine yakafuata.

Kifaransa ndicho kinachoangusha wengi. Nyumbani tunasema Kiswahili, mtihani ni Kifaransa, na insha haina majibu ya kuchagua. Kila jioni asome ukurasa mmoja kwa sauti, afunge kitabu, aandike mistari mitano ya alichosoma. SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme (watakata, nasema kama fundi), kuna taa ya chaji.

Feza ya mtihani ianze kuwekwa kwenye kikirimba (mchezo wa kuchangiana feza kwa zamu) tangu humanite ya kwanza. Ombeni zamu ya mwisho, msije mkaila.

Halafu makaratasi. Tunzeni buletini (ripoti za matokeo ya shule) zote, na mhakikishe jina limeandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa, buletini na fomu ya mtihani. La kijana wangu lilikosewa herufi moja kwenye diploma. Shule ikasema kosa ni la ofisi, ofisi ikasema ni la shule. Mpaka leo anatembea na karatasi ya pili, ya kueleza kwamba wale watu wawili ni yeye.